Ratili Hamsini na Mbili

Kazi yangu ni kusuka nyuzi za raketi,
nyuma ya duka la michezo, Preston, mlango wa nne kutoka kwa kinyozi.
Mashine inauma fremu, mimi navuta uzi,
mshale unasimama: ratili hamsini na mbili.
Zaidi ya hapo mkono wa mtoto unauma.
Chini ya hapo mpira unakwenda unakotaka wenyewe.
Miaka kumi na mmoja nawaambia wazazi wa watu,
"Usikaze mno. Mkono bado unajenga mfupa."

Wangu anaitwa Mwanatumu. Kumi na nne.
Klabuni wamelikata jina, wanamwita Tumu,
naye ameitika, kwa hiyo siku hizi nami nalikata.

Februari, viwanja vya ndani, mvua juu ya bati
kama mtu anamwaga mchele usiokwisha,
alishindwa na msichana wa Cheshire mwenye mikono mirefu kama upondo.
Sita-moja, sita-mbili.
Baba wa yule msichana alikuwa na chupa ya kutikisa,
kigololi cha waya ndani yake kikilia kwacha-kwacha,
na binti akainywa bila kuitazama,
kama mtu anayefunga mlango wa kwao.
Mimi nikaitazama.

Nani alimnunulia Mwanatumu kopo?
Si kocha Gethin. Si wenzake. Msitafute mbali.
Zamu moja ya usiku ghalani, nusu yake ikaishia hapo:
kopo jeusi lenye picha ya radi
na maandishi madogo kuliko mayai ya chawa.
Nilivaa miwani. Nikasoma protini, nikasoma kriatini,
nikasoma kafeini, na baada ya hapo majina
yasiyo na irabu za kutosha kukaa mdomoni.
Kulikuwa pia na onyo: si kwa walio chini ya miaka kumi na minane.
Chini kabisa, karibu na tarehe.
Nikaligeuza kopo upande wa radi.

Kijiko kimoja asubuhi. Viwili siku ya mechi.
Ladha yake (nilionja)
ni chaki iliyowahi kusikia habari za stroberi.

Aprili, Bolton, raundi ya pili.
Aliurusha mpira juu ili aanzishe,
mkono ukatetemeka kama mshale wa mashine yangu umeme ukiyumba.
Wavuni. Nje. Wavuni. Nje.
Kisha akatapika nyuma ya benchi, rangi ya waridi,
akajifuta kwa taulo nililomtarizia jina lake zima.
Hakulia. Aliuliza tu, "Baba, nimekunywa kidogo?"

Muuguzi wa zahanati, Bi Oonagh,
alikuwa na kalamu iliyokwisha wino, na subira.
Anakula nini? Nikataja: ugali, maharage,
dagaa tunaoagiza Manchester, mboga kwa kugombana.
Akacheka. Hiyo ingetosha, akasema.
Maji? Nikajibu.
Analala saa ngapi?

Nikafungua mdomo.
Saa sita za usiku bado yuko na hesabu za shule mezani.
Saa kumi na moja namgongea mlango, mazoezi.
Mimi, mtu wa kupima ratili, nikahesabu kwa vidole,
mkono mmoja ukatosha.

Kopo sasa liko karakana, nimelijaza mabaki ya nyuzi.
Unga niliumwaga; sinki ilitoa povu siku mbili.
Mcheza kwao hutunzwa, tulikuwa tukisema,
na umri wote huu nikadhani kutunzwa
ni kupewa kitu.

Jumamosi hii saa ilipolia niliifunika kwa mto.
Kocha Gethin akapiga simu. Nikamwambia, amelala.
"Anaumwa?"
"Hapana. Amelala."
Akanyamaza kidogo, kama mtu aliyepewa chenji asiyoitarajia.

Nikateremka na raketi yake, nikakata uzi wa zamani,
nikaanza upya, msalaba kwa msalaba,
hamsini na mbili,
kisha, pasipo mtu kuniambia,
nikaushusha mshale hadi hamsini.